Uzi: Kijana mmisionari akiletwa nyumbani kwako. Siku yake ilivyo, kwa jicho la anayempikia

MamaKiwira (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Humu kuna nyuzi nyingi za kuwasifia au kuwasema vijana wa Kizungu wanaokuja kutumika makanisani kwetu, na nyingi zimeandikwa na watu ambao hawajawahi kulala nao nyumba moja. Mimi nyumba yangu hapa Rungwe imewapokea kwa miaka, wengi Wajerumani kupitia kanisa la Moravian, mara mojamoja Mdenishi au Mmarekani. Naandika siku yao ilivyo, kuanzia maji ya kuoga. Nitaandika kwa vipande, umeme ukikatika mnivumilie.

Kwanza mjue ni watu gani. Mmisionari wa zamani alikuwa mchungaji au daktari, kaja na mke na masanduku, anakaa mpaka watoto wake wanaongea Kinyakyusa. Siku hizi anashuka binti wa miaka kumi na tisa aliyemaliza shule juzi, na atakaa mwaka. Serikali ya Ujerumani ilianzisha mpango wa kujitolea ng'ambo uitwao weltwärts mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, na mashirika ya kimisionari kama Herrnhuter Missionshilfe, la Wamoravian wa Ujerumani, nayo yanaleta vijana. Kwenye makaratasi wanaitwa wanaojitolea. Huku kwetu hakuna anayehangaika na hilo. Katoka kanisa la kule, kaletwa na mchungaji, kakalishwa benchi la mbele, basi ni mmisionari. Hata kibali cha ukaazi ni daraja C, lilelile la wamisionari, watafiti na wanafunzi.

Haya, asubuhi. Mimi naamka saa kumi na moja, nawasha mkaa. Yeye anatoka chumbani saa moja kasoro, ndoo ya maji ya moto imeshakaa bafuni. Siku za mwanzo anamwaga yote kwa dakika mbili halafu anaita "Mama, yameisha." Kuoga kwa kopo kunafundishwa jamani, msicheke. Halafu nguo. Hapa kwetu Tukuyu mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, na yeye anafua suruali zake zote za jinzi Jumatatu moja. Mpaka Alhamisi bado zinachuruzika, anakwenda kanisani na kanga yangu. Mwezi wa sita na wa saba ndiyo usiseme. Begi limejaa fulana kwa sababu Afrika kaambiwa ni joto, mwisho wake tunapanda kosta mpaka Mwanjelwa kumtafutia sweta la mtumba, ambalo huenda lilitoka kwao.

Nguo za ndani anajifulia mwenyewe. Hilo namwambia siku ya kwanza mbele ya binti yangu, asije akamwachia dada wa kazi. Wote huwa wanakuwa wekundu, kisha yanaisha.

Chai ni ya maziwa, na magimbi au ndizi. Saa mbili kasoro anatoka kwenda chekechea ya kanisa, buti za mvua mguuni. Hapo ndipo wengi mnadhani umisionari unaanzia. Nitarudi, ngoja nitoe ugali jikoni.

Mpita_Njia_Mafiati

Naweka kambi hapa. Mama, leta vitu.

Mnyalukolo_Halisi

Kamwene mama. Swali langu ni moja tu. Mtoto wa miaka kumi na tisa hana fani, hajui Kiswahili, anakuja "kutumika". Anatumika nini? Iringa huku nimewaona. Asubuhi wanapiga picha na watoto, mchana wako mgahawani wanatafuta intaneti, wikiendi Ruaha kutazama tembo. Huo si utalii wenye Biblia?

MamaKiwira

Mnyalukolo, kamwene. Swali lako ni la haki na silikwepi. Chekechea ina mwalimu wake, mama mtu mzima anayewajua wale watoto kwa majina ya bibi zao. Mgeni akiingia pale, miezi mitatu ya kwanza ni mzigo. Mwalimu anafundisha watoto herufi, na pembeni anamfundisha mtu mzima kusema "kaa chini". Wanaopitia shule ya lugha kwanza, kama ile ya Seminari ya Kilutheri pale Morogoro, au ya Makoko Musoma, wanafika wana afadhali. Wengi hawapiti. Lugha yao wanajifunzia jikoni kwangu, ndiyo maana wanajua majina ya mboga zote na hawajui kusoma tangazo la mkutano.

Mchana anarudi saa saba amechoka kuliko mtu aliyelima. Nilikuwa nashangaa, anachoka na nini? Anachoka na kutazamwa. Tangu atoke getini mpaka arudi kila mtoto anaita "Mzungu!", kila mtu mzima anataka salamu kamili, ya nyumbani, ya kazi, ya usiku ulivyokuwa. Kwao ukimpita mtu barabarani kimya hujamkosea. Huku ukipita kimya, jioni taarifa imeshafika kwa mzee wa kanisa kwamba mgeni wa Mama fulani ana dharau. Akishajua kusalimia "ugonile" na kushukuru "ndaga fijo" kwa Kinyakyusa, bibi za sokoni wanamwongezea nyanya, na nyumbani anaingia anacheka.

Jioni kuna mazoezi ya kwaya, na hapo wengi wao ndipo wanapata kazi ya kweli bila kutegemea. Makanisa ya kule Ujerumani yana vikundi vya tarumbeta, na sisi Wamoravian wa huku tunazo. Kijana mmoja alikuja na trombone yake kwenye boksi akidhani atatufundisha. Alikuta wazee wanapuliza tenzi zilezile, kwa kasi ndogo kidogo. Pasaka ile alfajiri, makaburini kabla jua halijatoka, alipuliza sauti ya tatu nyuma ya fundi cherehani. Hakuna aliyemwonyesha noti ya kusoma, alifuata tu.

Mnyalukolo_Halisi

Nimekuelewa, ila bado utalii.

Kibena_wa_Uwemba

Mnyalukolo usiwe mgumu. Kuna vijana na vijana. Hospitali ya Ikonda kule Makete, ya Wakonsolata, wale wamisionari wa Kikatoliki, wanaokuja ni wauguzi, mafundi wa mitambo, watu wenye kazi mikononi. Huyo hata asipojua Kiswahili mashine inatengenezeka. Wakonsolata wenyewe wako Iringa tangu mwaka 1919 na hawakuja kupiga picha na watoto.

Mzee_wa_Tarumbeta

Wanangu nimesoma kimya, nami niweke neno. Herrnhut, mji wa Wamoravian kule Ujerumani, ilipotuma watu wake wa kwanza kabisa, mwaka 1732, kwenda kisiwa cha St. Thomas kwa watumwa, walikwenda wawili. Leonhard Dober alikuwa mfinyanzi, David Nitschmann alikuwa seremala. Walitegemewa kula kwa mikono yao. Kwa hiyo anayeuliza kijana asiye na fani amekuja kufanya nini, anauliza swali la Wamoravian wenyewe.

Rungwe walifika mwaka 1891 wakipitia upande wa Ziwa Nyasa. Walioanza safari walikuwa wanne, na mmoja wao, Georg Martin, alifariki mwaka uleule. Waliobaki wakajenga. Wanasifiwa kwa haki. Ila wajukuu zao wakija hapa mimi huwaonyesha jengo la zamani halafu nawauliza, tofali hizi nani alizibeba? Miti nani aliipasua? Mwaka 1916 Waingereza walipoingia, wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Hawakurudi mpaka miaka ya ishirini ilipofika katikati. Katikati hapo wamisionari Waskoti wa upande wa Nyasa, Malawi ya leo, walisaidia kuangalia, lakini Jumapili kwa Jumapili, kijiji kwa kijiji, ni walimu wetu wenyewe waliosimama mbele. Majina yao mengi hayako kwenye vitabu.

Kwa hiyo Mama Kiwira anapoandika habari za ndoo ya maji ya moto, msimwone anaandika mambo madogo.

MamaKiwira

Mzee ndaga fijo. Umesema nilichotaka kusema na umenizidi.

Maana ndiyo hoja yangu. Mnahesabu alichofanya kijana, hamhesabu kilichofanywa ili yeye aweze kufanya. Kuchota, kupika, kumpeleka zahanati usiku, kumweleza mchungaji kwa nini hakuja kwenye maombi, kumweleza yeye kwa nini mchungaji kakasirika. Akirudi kwao anaandika taarifa ndefu ya "mradi wangu wa chekechea". Nimewahi kutafsiriwa moja. Mimi nilikuwa mstari mmoja, "familia yangu ya ukarimu".

Sasa Jumapili. Ibada saa tatu, wageni wasimame wajitambulishe, wapigiwe makofi matatu ya kilo. Baada ya ibada unakuja mnada wa sadaka. Watu wameleta mikungu ya ndizi, maziwa, mayai, miwa, jogoo. Mgeni hajui kwamba akinyoosha mkono bei inapanda, na mnadishaji wetu anamjua. Jogoo la elfu kumi na tano lilifika elfu arobaini kwa binti mmoja aliyekuwa anajikuna sikio. Kanisa zima lilicheka, naye akacheka, akalipa, tukalila Jumatatu. Waliokuwa wananuna mnadani, hao ndio hao waliokuwa wananuna kila mahali.

Msiba ndio wa kuandika kwa kirefu. Ninyi wa huku mnajua msiba wa Unyakyusa ulivyo. Mgeni amebandika ratiba ukutani, Jumatano chekechea, Alhamisi kompyuta. Mzee wa jirani anafariki Jumanne usiku. Jumatano anatoka na buti zake, anakuta chekechea imefungwa, anarudi kuniuliza kosa liko wapi. Namwambia, leo hakuna kazi, twende kazini. Binti anakaa na akina mama kwenye mkeka, anapewa kisu na mlima wa ndizi mbichi. Utomvu unamganda vidoleni, hautoki kwa sabuni, na maongezi yote ni ya Kinyakyusa. Kijana wa kiume anapelekwa kwenye kuni, au anapewa jembe zamu yake ifike kaburini. Hakuna anayempiga picha, hakuna anayemwita mmisionari. Anaulizwa tu, umekula?

Binti mmoja siku ya pili ya msiba alitaka kubaki nyumbani amalizie kazi yake ya kompyuta. Sikumgombeza. Nilimwambia watu hawatakumbuka kompyuta, watakumbuka kama ulikuwepo. Alikuja. Miezi baadaye bibi yake alifariki kule kwao, na hakuweza kusafiri. Asubuhi nafungua mlango, nakuta akina mama kumi na kitu wamekaa kimya kibarazani, wamekuja na unga na kuni, msiba wa mtu wasiyemjua jina. Alikuwa hajui alie au aweke chai. Tukamwekea sisi.

Dada_wa_Uyole

Mama umeniliza kazini. Mimi naomba niseme upande wa pili, maana mimi ndiye niliyepelekwa.

Ule mpango wa weltwärts tangu mwaka 2013 una mlango wa kutoka huku kwenda kule. Nilipata kupitia kanisa letu, nikakaa mwaka mashariki mwa Ujerumani, kwenye nyumba ya wazee. Kwa sheria yao ni utumishi wa kujitolea wa serikali, ulioanza mwaka 2011, una posho kidogo, bima na masomo ya pembeni. Kwa hiyo na mimi nilikuwa mmisionari, sema hakuna aliyeniita hivyo.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unaingia zamu. Kuamsha wazee, kuwaogesha, kuwavalisha soksi zile za kubana miguu. Kazi ilikuwepo tangu siku ya kwanza, hakuna aliyeniuliza nina fani gani, mikono ilihitajika. Nilichokosa ni kile Mama anachokisema. Mwenyeji wangu alinipa ufunguo na karatasi ya taka, hii pipa la njano, hii la karatasi, hii la maganda. Alikuwa mama mwema sana. Lakini aliniacha. Kwao kumwachia mtu nafasi ndiyo heshima. Mimi nilikaa chumbani Jumapili nzima nikisubiri mtu agonge, maduka yamefungwa, mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni ni giza, na chakula cha jioni ni mkate wa baridi na jibini. Niliota ugali.

Kanisani nilihesabu vichwa, karibu wote mvi. Waliniuliza kama huku watu bado wanakwenda ibadani. Nikawaambia huku usipowahi unasikilizia dirishani. Walidhani natania.

Kitu kimoja kilinishika. Asubuhi pale nyumba ya wazee walisoma mstari wa siku kutoka kile kitabu cha Herrnhut, kinachochapwa kila mwaka tangu 1731. Bibi mmoja aliyekuwa hakumbuki majina ya watoto wake alikuwa anamalizia mstari kabla msomaji hajafika mwisho. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Herrnhut penyewe. Mji mdogo kuliko Tukuyu! Mawe ya makaburi yamelazwa sawasawa, tajiri na maskini hawatofautiani. Mwaka 2024 UNESCO wameuingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na miji mingine ya Wamoravian.

Yule bibi wa mistari alipofariki, meneja alitutumia ujumbe, chumba namba fulani kimeachwa wazi. Nilikwenda mazishi kwa ruhusa maalumu. Tulikuwa watu saba. Nikakaa mstari wa familia bila kuulizwa na mtu, kwa sababu ulikuwa na nafasi.

Mpita_Njia_Mafiati

Dah. Dada pole, na hongera.

Kijana_Soweto_Mbeya

Na wale wanaotembea wawiliwawili, shati jeupe, tai na beji nyeusi? Niliwaona Dar. Nao ni hawahawa?

Dada_wa_Uyole

Hapana, hao ni kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, watu wanawaita Wamormoni. Wao ni wamisionari wa kuhubiri hasa. Vijana wa kiume wanatumika miezi 24, mabinti miezi 18, daima na mwenzake, siku moja ya wiki ni ya kufua na kununua mahitaji. Zamani kuongea na nyumbani ilikuwa mara chache sana kwa mwaka, tangu 2019 wanaruhusiwa kila wiki. Hawachagui nchi ya kwenda.

Kibena_wa_Uwemba

Mama Kiwira, hujagusa fedha. Hapo ndipo pana moto. Kijana akifika tu, wiki haijaisha ana maombi ya ada, ya simu, ya bati, ya nauli ya kwenda Muhimbili.

MamaKiwira

Nilikuwa najiandaa. Kanuni yangu ni kwamba hatoi fedha mkononi kwa mtu yeyote. Anayeomba aelekezwe kwa kamati ya kanisa, na mgeni akitaka kuchangia apeleke huko. La sivyo anaondoka kijiji kimegawanyika, huyu kapata, yule hakupata, na lawama zinabaki kwangu.

Kibena_wa_Uwemba

Sikubaliani hata kidogo, samahani mama. Kamati ni nani? Ni walewale wenye watoto wanaosoma tayari. Mjane wa pembezoni hafiki kwenye kamati. Kijana aliyemlipia daftari na sare mtoto wa jirani kimyakimya kafanya kazi kuliko mfuko wowote. Mnawalinda wageni mpaka wanaondoka bila kumjua maskini hata mmoja.

MamaKiwira

Una hoja, hasa hapo kwa mjane. Lakini wewe utaamkia wapi siku jirani zako watatu wamekununia kwa sababu ya daftari? Daftari na sare sawa, nafumba macho. Ada ya mwaka, hapana.

Mnyalukolo_Halisi

Na hela yako wewe mama? Wanalipa?

MamaKiwira

Wanaleta hela ya chakula. Shirika moja lilikuwa linapitisha kwa mikono mingi mpaka ikifika mwezi umeisha na mchele nimeshakopa dukani. Jingine linatuma moja kwa moja kwenye simu na halijawahi kuchelewa. Hakuna hesabu ya mkaa humo, wala ya kulala macho usiku kijana amerudi na homa. Na homa zinakuja. Tukuyu tuko juu, mbu si wengi, wanazoea kulala bila chandarua. Wikiendi wanashuka Matema kuogelea ziwani, kule chini joto na mbu wa kutosha, wanarudi wanatabasamu. Baada ya kama wiki mbili, saa nane usiku, "Mama, nasikia baridi." Sasa nawafungia chandarua kwenye begi mwenyewe.

Bodaboda nayo. Shirika limemkataza kupanda, karatasi amesaini. Mvua inanyesha, kosta imepita imejaa, kilomita nane, giza linaingia. Unamwambia nini?

Mzee_wa_Tarumbeta

Anampigia mzee wa kanisa mwenye gari la Noah. Ndivyo tunavyofanya huku. Mafuta analipa nani, msiniulize.

Binti_Mbalizi

Shikamoo mama. Sisi nyumbani tumeombwa na mchungaji tupokee binti wa Kijerumani mwezi wa nane, mama yangu anasitasita. Tuandae nini?

MamaKiwira

Marahaba mwanangu. Chumba chenye kufuli, hata kiwe kidogo, maana hawajazoea mtu kuingia bila hodi. Chandarua. Taa ya sola. Choo cha kawaida kinatosha, wanazoea upesi kuliko mnavyodhani. Usinunue mikate na siagi kwa ajili yake, ale mnachokula, akiumwa tumbo mtampikia uji. Mpe kazi ya nyumbani kuanzia wiki ya kwanza, kuosha vyombo au kumwagilia mboga, mtu asiye na kazi nyumbani anabaki mgeni mpaka anaondoka.

Kabla hamjasema ndiyo, muulizeni mchungaji mambo mawili mbele ya baba. Hela ya chakula inapitia kwa nani, na binti akiumwa usiku anapigiwa nani mwenye gari. Ninyi wa Mbalizi mko Jimbo la Kusini Magharibi la kanisa la Moravian, ofisi yao iko Mbeya mjini. Nendeni na mama siku ya kazi, mapema, mkaombe hayo mawili kwa maandishi.

Binti_Mbalizi

Asante mama. Tunakwenda Jumatatu. Mama anauliza kama binti akitaka kupika chakula cha kwao aruhusiwe.

MamaKiwira

Aruhusiwe, ila mkaa wake auhesabie. Wana supu moja ya viazi inachemka masaa mawili.